Mfuko wa maji, chupa ya chakula au friji ya gari? Vyombo vya dawa inayotakiwa kukaa baridini, kwa msafiri wa Mombasa

Mtu wa Mombasa anayejidunga insulini, dawa ya kisukari, akipata kazi ya safari, iwe Ghuba, melini au kwenye trela la Kampala, ushauri wa kwanza anaopewa ni mmoja: nunua ule mfuko wa kitambaa unaochovywa majini. Maarufu zaidi ni FRIO, unaotengenezwa Wales. Hautaki umeme wala barafu, haupasuki, na ukitunzwa unatumika tena na tena. Kama kifaa, hatuna ugomvi nacho. Ugomvi ni wa mahali. Mfuko huu unategemea hewa kavu, na hewa ya Mombasa si kavu. Ndiyo maana tunauweka nafasi ya pili, nyuma ya kitu kisicho na jina kubwa: chupa ya chuma yenye mdomo mpana, ile ya kubebea chakula kikiwa moto, pamoja na pakiti mbili za jeli na kipimajoto kidogo. Friji ya umeme tunaiweka ya tatu kwa msafiri wa kawaida, ila kwa dereva wa trela inapanda mpaka ya kwanza.

Kabla ya kununua chochote, jibu swali moja: dawa yako imefunguliwa au bado? Insulini ambayo haijaanza kutumika hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye boksi. Ikishaanza kutumika, nyingi huruhusiwa kukaa nje ya friji chini ya nyuzi 30 kwa siku kadhaa: Lantus siku 28, NovoRapid wiki 4, Tresiba wiki 8. Karatasi iliyo ndani ya boksi ndiyo inayoamua, kwa sababu hata kampuni moja huweka muda tofauti kwa kichupa na kwa kalamu, ile sindano yenye umbo la kalamu iliyo na dawa ndani. Kwa hiyo kalamu unayotumia wiki hii haihitaji friji. Inahitaji tu isipite 30. Zile nne au tano za akiba ndizo zinazohitaji ubaridi wa kweli. Vyombo vingi vinavyolaumiwa mitandaoni vimelaumiwa bure, maana vilinunuliwa vifanye kazi isiyo yao.

Dawa nyingine ni kali zaidi kuhusu jambo hili. Humira, ya baridi yabisi, huruhusiwa nje ya friji siku 14 tu, tena chini ya nyuzi 25. Chumba cha Mombasa kisicho na eisii hakishuki chini ya 25 mchana, si wakati wa kaskazi wala wakati wa kusi. Matone ya macho ya latanoprosti hutunzwa kwenye friji yakiwa bado hayajafunguliwa, kisha hukaa nje wiki 4 mpaka 6 kulingana na aliyeyatengeneza. Sindano za Ozempic, nazo za kisukari, zina kanuni inayofanana na ya insulini: zikishaanza kutumika zinavumilia mpaka nyuzi 30, kwa wiki 6 au 8 kulingana na nchi iliyotoa lebo.

Sasa tuuangalie mfuko wa maji kwa makini, maana ndio unaonunuliwa sana.

Huu mfuko ni mtungi wa kubeba mkobani. Ndani ya kitambaa mna chembechembe zinazonyonya maji na kuvimba kuwa jeli. Maji hayo hupenya polepole mpaka nje, yakageuka mvuke, na mvuke ukiondoka huondoka na joto. Mtungi wa nyumbani hupoza maji kwa njia hiyo hiyo, na aliyewahi kunywa maji ya mtungini anajua hayawi sawa kila siku: hewa ikiwa kavu na kuna upepo yanaburudisha, fukuto likitanda yanabaki vuguvugu.

Hesabu yake ni hii. Hewa ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, siku ya kawaida ya Machi hapa Pwani, kitambaa chenye maji hakiwezi kushuka chini ya nyuzi 27 na nusu hivi, hata ukikipigia feni. Ukikitia ndani ya begi, hata hizo hupati. Riyadh, hewa ikiwa nyuzi 42 na unyevu asilimia 15, kitambaa hicho hicho kinaweza kushuka karibu na 22. Yaani mfuko hufanya kazi vizuri zaidi jangwani penye joto la kuunguza kuliko Likoni penye joto la wastani. Watengenezaji wa FRIO wenyewe wanaahidi nyuzi 18 mpaka 26 kwa saa 45 au zaidi, na ahadi hiyo inashika pale hewa inapokubali kubeba mvuke. Ghuba nayo si moja. Riyadh ni kavu. Jeddah, Dammam, Doha na Dubai ziko baharini, na miezi ya Agosti na Septemba hewa yake hulowa pengine kuliko yetu. Anayekwenda Riyadh anunue mfuko bila wasiwasi. Anayekwenda Jeddah afikiri mara mbili.

Huna kipimo cha unyevu? Lowesha leso, ikamue, itundike kivulini pale pale utakapoweka mfuko. Ikikauka upesi, mfuko utapoza. Ikibaki na ubichi mpaka jioni, mfuko utakuwa pambo.

Matumizi yenyewe ni rahisi, na bado wengi huyakosea. Mfuko huchovywa kwenye maji baridi dakika 5 mpaka 15 kulingana na ukubwa wake. Ukiuacha usiku kucha, chembechembe huvimba kupita kiasi, mfuko unakuwa kama mto, na kalamu haiingii. Hilo likitokea usiukamue kwa nguvu, utapasua mishono. Utundike upepeni mpaka upungue. Tumia maji matamu. Visima vingi vya kisiwani na Nyali vina maji ya chumvi, na chembechembe hizi hazivimbi vizuri kwenye chumvi. Ukishatoka majini, ufute kwa taulo na uuvike ganda lake la nje. Usiutie ndani ya mfuko wa plastiki, usiuweke chini ya nguo begini, wala usiufungie kwenye dashibodi. Kitu kisichopata hewa hakivukizi. Wengine huutia ndani ya friji wakidhani wanauongezea nguvu. Ndani ya friji haupati kazi, na ukiingia freza utagandisha dawa. Mahali pake pazuri ni juu ya begi la mgongoni, kwenye mfuko wa wavu, penye kivuli na upepo. Safari ikiisha, usiukunje ukiwa mbichi: kuvu huingia na harufu yake haitoki. Kukauka kabisa huchukua siku nyingi, na kwa hewa yetu ni nyingi zaidi.

Hukumu yetu: ni kifaa kizuri kwa kalamu iliyofunguliwa, mahali pakavu, kwa mtu anayetembea. Hakifai akiba ya miezi mitatu, na hakifai Humira ukiwa Pwani. Muuzaji akikwambia kinaweka dawa "kama friji", mwulize friji gani inayokaa nyuzi 26.

Hapa lazima tutaje jambo linalopunguza hofu. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi kambini Dagahaley, Dadaab, kisha wakaiweka insulini maabara katika joto lile lile linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4. Matokeo yalitoka mwaka 2021: nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1. Hii si ruhusa ya kuacha dawa kwenye gari lililofungwa juani, ambako joto hupita 50 kwa urahisi. Lakini aliyekwama mpakani Malaba siku mbili na kalamu yake iliyofunguliwa, kivulini, asiitupe kwa woga. Insulini huvumilia joto la wastani kuliko wengi wanavyodhani. Isichovumilia ni kuganda.

Na kuganda ndiko kunakoharibu dawa nyingi za wasafiri, kwa sababu msafiri mwenyewe ndiye anayeigandisha. Pakiti ya jeli inayotoka freza huwa na nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiilaza juu ya kalamu, umeigandisha kalamu kabla hujafika kituo cha treni Miritini. Insulini iliyoganda hairudi hata ikiyeyuka. Kanuni ya kila mtengenezaji ni kuitupa. Ile ya mawingu, kama Mixtard au Insulatard, huonyesha madonge au ukungu uliong'ang'ania ukuta wa chupa. Ile safi kama maji inaweza isionyeshe dalili yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mtu anajidunga, sukari haishuki, anaongeza kipimo.

Basi tuje kwenye chupa ya chuma, tuliyoipa nafasi ya kwanza.

Tafuta ya kuta mbili zisizo na hewa katikati, mdomo mpana, ujazo wa lita 1 au zaidi kidogo. Zinauzwa kwenye maduka ya vyombo na kasoro zake ni chache. Chupa ya chai yenye kioo ndani usiichukue: mdomo mwembamba, na ikianguka safari imekwisha. Kabla ya kulipa, pima kwa kalamu yako mwenyewe. Kalamu nyingi zina urefu wa sentimita 16 hivi, na chupa nyingi za chakula ni fupi kuliko hapo. Ukitumia vichupa vya mililita 10 au vikatriji vya kalamu ya kujaza, chupa fupi inatosha na utaokoa nafasi. Kifuniko kiwe kinene, chenye mpira mzima. Joto huingilia kifunikoni kuliko kwingine kote, na kifuniko cha plastiki nyembamba hufuta faida yote ya kuta.

Pakiti za jeli ziwe mbili, za gramu 150 kila moja, za kujikunja kidogo ili zifuate ukuta wa chupa. Gramu 300 za barafu hunyonya kilojuli 100 za joto kabla ya kuyeyuka zote. Chombo kinachopenyeza joto la wati 1 huchukua karibu saa 28 kumaliza barafu hiyo. Kinachopenyeza wati 3, kama kasha jepesi la sponji la kubebea soda, huchukua saa 9 tu. Tofauti ya bei kati ya vyombo hivi viwili ndiyo hiyo.

Kuipanga ni kazi ya jioni na asubuhi. Jioni, gandisha pakiti zote mbili, na uiache chupa wazi ndani ya friji usiku kucha, kwa maana kuta za chuma zenye joto la chumba zitakula barafu yako bure. Asubuhi, toa pakiti uziweke mezani. Usihesabu dakika, sikiliza: zikianza kulainika pembeni, ukitikisa ukasikia au ukahisi maji yanacheza ndani, na umande umechukua nafasi ya theluji nje, ziko tayari. Wauguzi wa chanjo hufanya hivyo hivyo kwa pakiti za yale makasha yao kabla ya kupanga chanjo, na sababu ni ile ile. Pakiti iliyoanza kuyeyuka imeshafika sifuri. Haina tena ule ubaridi wa kuua dawa. Zifute, uzifunge kwa kitambaa cha pamba au soksi safi, uzisimamishe ukutani. Dawa ibaki ndani ya boksi lake, boksi ndani ya mfuko wa plastiki wa kujifunga, katikati. Nafasi iliyobaki jaza tishu au leso; hewa tupu ndani ya chupa huzunguka na kuhamisha joto kila ukifungua.

Kipimajoto ndicho kinachofanya haya yote yawe na maana, na ndicho watu wanachokiruka. Chukua cha friji cha kidijitali, chenye waya mwembamba na kumbukumbu ya juu na chini. Ncha ya waya iweke kati ya dawa na pakiti, upande wenye baridi zaidi, maana unachokitafuta ni kama kuna mahali palishuka chini ya 2. Waya ukipita chini ya mpira wa kifuniko, hakikisha mpira bado unakaza. Vipo pia vihisi vinavyotuma joto kwenye simu; ni vizuri, ila betri ikiisha kwenye ndege huna habari, wakati kile cha waya unakisoma papo hapo.

Halafu fanya mazoezi. Siku tatu kabla ya safari, panga chupa kama utakavyoipanga, ila mahali pa dawa weka kichupa cha maji. Iache chupa sebuleni saa 24, uifungue mara tatu kama utakavyoifungua njiani. Ukikuta kumbukumbu ya chini imeandika 0 au 1, ongeza kitambaa. Ukikuta 8 imepitwa baada ya saa 10 tu tangu uanze, chupa yako haifai au pakiti ni ndogo. Hakuna tathmini, hata hii, itakayokupa jibu la chupa yako na sebule yako.

Safari ndefu kuliko barafu? Omba vipande vya barafu mgahawani au hotelini. Vitie kwenye mfuko wa kujifunga pamoja na maji kidogo. Barafu iliyo na maji haiwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo huhitaji kusubiri wala kusikiliza. Sharti moja: isiwe barafu ya samaki. Barafu iliyochanganywa na chumvi hushuka chini sana ya sifuri, na huwezi kuitambua kwa macho. Barafu kavu nayo, ile inayotoa moshi, ina nyuzi zaidi ya 78 chini ya sifuri. Ni ya kusafirishia vitu vinavyotakiwa kubaki vimeganda, na dawa yako haimo.

Kwa dereva wa trela mambo yanabadilika, kwa sababu ana umeme na ana siku nyingi. Kuna aina mbili za friji ya gari zinazofanana kwa nje. Ya kwanza haina kompresa. Ina sahani ya umeme na feni, ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Kosa lake ni kwamba hupunguza joto kwa kulinganisha na nje, kama nyuzi 15 mpaka 20. Kebini ikiwa na 25 usiku, ndani unapata 5 au 10, na unafurahi. Kebini ikifika 42 mchana ukiwa kwenye foleni ya mizani Mariakani, ndani ni 22 au zaidi. Ya pili ina kompresa, kama friji ya nyumbani, na hushika 4 au 5 hata nje kukiwa moto. Bei yake ni mara kadhaa, lakini kwa anayekaa njiani wiki mbili kila mwezi ndiyo pekee tunayoweza kuisifu. Ya lita 8 mpaka 15 inatosha. Kubwa kuliko hapo utaishia kuijaza soda, na kila anayechukua soda anaingiza joto.

Angalia volti kabla ya kuchomeka. Magari madogo ni volti 12, matrela ni 24. Friji ya 12 pekee ikichomekwa kwenye trela huungua. Chagua iliyoandikwa 12/24. Angalia pia kama ina kinga ya betri inayoizima umeme ukishuka. Nzuri, lakini maana yake ni kwamba ukizima injini usiku kucha mpakani, inaweza kuzima yenyewe saa nane za usiku na kuwaka asubuhi ukiwasha injini, na wewe usijue. Kipimajoto chenye kumbukumbu kitakuambia. Iweke kwenye 5, kamwe usiweke kwenye 2 ili ipoe haraka, kwa maana ukuta wa ndani hushuka chini ya kipimo kinachoonyeshwa. Dawa ikae kwenye kikapu kidogo cha plastiki katikati, isiguse ukuta. Na tanboi aelezwe kilichomo ndani, asije akageuza kile kitufe kutafuta maji ya barafu.

Zile friji ndogo za mkononi zinazotumia waya wa simu hazikutushawishi. Nyingi ni zile za sahani. Yenye kula wati 10 ikiunganishwa na pawabenki ya miliampia-saa 20,000, ambayo ina wati-saa 74, haivuki saa 6 au 7 ukitoa upotevu. Pawabenki zenyewe haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege, zinatakiwa mkononi, na kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, tena hairuhusiwi kutumiwa ndani ya ndege. Anayepitia Dubai na friji ya aina hii atakuwa amebeba kopo.

Ndani ya ndege dawa ibaki mkononi. Mzigo wa chini unaweza kupoa vibaya, unaweza kuachwa juani kando ya ndege, na unaweza kwenda Mumbai wewe ukiwa Muscat. Barua ya daktari itaje jina la dawa lenyewe, si la kampuni tu, kipimo, sindano, na pakiti za baridi. Kemisti naye aache lebo yake kwenye boksi. Mashine ya eksirei ya uwanjani au ya kituo cha treni ya SGR haiidhuru insulini. Pampu na vihisi vya kubandika mwilini ni habari nyingine, omba vikaguliwe kwa mkono. Usiwape wahudumu wa ndege dawa waitunze: wanaweza kukataa, na wakikubali wanaweza kuiweka juu ya barafu tupu. Kwenye mabasi ya usiku ya Mwembe Tayari usikubali chupa iingie kwenye buti karibu na injini.

Ukifika, usiamini friji ya hoteli. Nyingi ni za kupoza vinywaji, zinakaa 10 au 12, na huzimika ukichomoa kadi ya mlango; omba kadi ya pili uiache. Weka kipimajoto ndani ya gilasi ya maji kwenye rafu ya kati usiku mmoja, dawa ikiwa bado chupani mwake, kisha usome asubuhi. Kwa dada anayekwenda kazi za nyumbani, friji ni ya mwenye nyumba. Ni vyema mambo haya yaelezwe wazi kwa wakala kabla ya mkataba, na dawa ikae kwenye kikopo chenye kifuniko, mbali na sahani ya kugandishia na mbali na mlango. Baharia naye lazima aseme ukweli kwenye uchunguzi wake wa afya. Melini kuna friji ya dawa, na afisa anayetunza dawa ndiye wa kumkabidhi, si mpishi.

Kiasi cha kubeba kina hesabu. Kalamu moja ina uniti 300. Anayetumia uniti 40 kwa siku, kwa sindano mbili, na kumwaga uniti 2 za kujaribu kila mara, anamaliza uniti 1,320 kwa siku 30: kalamu 5, si 4. Kwa miezi mitatu ni 14, na chupa ya lita 1 haizibebi zote. Hapo gawa kwenye chupa mbili, ziwe kwenye mabegi mawili ya mkononi. Mkataba wa miaka miwili haubebeki kwa chupa yoyote, kwa hiyo uliza mapema dawa hiyo inaitwaje kule. India, kwa mfano, bado kuna vichupa vya uniti 40 kwa mililita, wakati sindano za hapa ni za uniti 100. Ukivuta dawa ya 40 kwa sindano ya 100 ukafuata mistari, unapata chini ya nusu ya kipimo chako.

Mwisho, nunua kalamu ya wino usiofutika. Kila dawa inayotoka baridini, iandike tarehe hapo hapo kwenye mwili wake, si kwenye boksi. Ikirudi kwenye friji haianzi upya. Siku zilizohesabiwa nje zimeshahesabiwa.